Nimetoa betri ya maji nimeweka kavu kwenye Spacio: betri safi, duka nusu kwa nusu

Wakuu naanza na hukumu alafu maelezo yafate. Kwa gari ndogo ya petroli inayozunguka hapa Dar, foleni ya Mwenge, foleni ya Tazara, joto la mwezi wa pili, AC inaunguruma toka unatoka getini mpaka unapaki kazini, betri kavu inalipa. Na hailipi kwa sababu ina nguvu za ajabu, nguvu ni zilezile tu, inalipa kwa sababu inakuondolea kazi moja ambayo wengi wetu hatuifanyi, kazi ya kuangalia maji. Ila ina masharti, na sharti la kwanza wala halihusu betri, linahusu altaneta, kile kifaa cha kuchaji betri injini ikiwa inawaka, ntafika huko.

Gari ni Toyota Spacio, injini 1NZ, betri iliyokuwemo ni ya maji, saizi ya NS60, zile zenye vifuniko sita juu unavyofungua kwa sarafu. Siilaumu, ilishafanya kazi yake. Ila mwishoni ikaanza visa, asubuhi ukipiga swichi stata inazunguka kivivu, taa za dashibodi zinafifia, siku nyingine inagonga tu tik tik tik mpaka umwite jirani mwenye waya akubusti. Na vile vichwa vyake vilikuwa vinaota ule unga mweupe wenye ukijani, unamwagia maji ya moto, unasugua na brashi, unapaka grisi, baada ya mda unga umerudi palepale na umeshaanza kula na kile kibati cha chini betri inapokaa. Habari ya maji ndo usiseme kabisa. Unajaza leo, kipindi cha joto ukija kuchungulia tena unakuta tundu moja limeshuka mpaka zile sahani za risasi za ndani zinaonekana juu, na sahani ikishakaa kwenye hewa hiyo sehemu inaharibika, hata ukijaza maji tena hairudi kama mwanzo.

Kwa wasiojua maji yanaenda wapi. Betri ya gari ina seli 6, kila seli inatoa volti 2.1 hivi, ndo jumla inakuja 12.6 betri ikiwa imejaa na gari limezimwa. Ukiwasha gari altaneta inapeleka volti 14 na kitu, betri ikishashiba ule umeme unaobaki unaanza kuvunja maji yanakuwa hewa, haidrojeni na oksijeni, inatokea kwenye vitundu vya vifuniko. Jumlisha joto la injini pale kwenye boneti. Asidi yenyewe haiendi kokote, inabaki ndani, ndo maana kinachoongezwa ni maji ya betri tu, yale yasiyo na madini. Sasa hapa mjini nimeona vituko, kuna fundi kila betri anayoiona imeshuka anajazia asidi, anakwambia bosi hii inaipa moto, kweli siku mbili tatu inapiga vizuri alafu sahani zinaliwa kimyakimya. Mwingine anakumiminia maji ya kunywa ya dukani, chupa yenyewe imeandikwa madini yaliyomo, kalsiamu kiasi gani magnesiamu kiasi gani, yeye anamimina tu.

Kwahiyo nilivyoamua kubadilisha sikutaka tena ya maji. Nikaenda Kariakoo upande wa Gerezani, kuna maduka ya betri yamepangana, duka nililoingia silitaji jina maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema. Betri kibao ukutani, za Korea, za India, za China, na zile za Chloride Exide kutoka kwa majirani zetu Kenya. Kaunta yupo dada mmoja mchangamfu, "karibu kaka, gari gani?", nikamwambia Spacio, akaanza kunitajia bei hapohapo. Pembeni kakaa mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba alafu akamkatisha yule dada, "usimuuzie kwanza. Kijana wangu, gari lako lipo wapi? Kalisogeze."

Hapo ndo duka liliponikamata, kiukweli. Yule mzee alikuja na mita yake akapima gari likiwa limezimwa, 12.1. Hiyo ni betri iliyokuwa chini ya nusu, na mimi nilikuwa nimetoka kuendesha mda si mrefu, yaani ilitakiwa iwe imeshiba. Akaniambia washa, wakati stata inazunguka akaniita niangalie mita, ikaporomoka mpaka chini ya 9. Gari likawaka, ikasoma 14.2. Akasema washa taa kubwa, washa AC, feni mpaka mwisho, washa na ya kufuta ukungu kioo cha nyuma, ikashuka ikakaa 13.8 hapo haitikisiki. Akakunja waya zake akasema, "altaneta yako nzima, betri ndo imekufa. Ungekuwa unasoma 15 na kitu nisingekubali wakuuzie kavu, ungerudi hapa kugombana na sisi."

Hili ndo sharti nililosema. Betri ya maji altaneta ikizidisha chaji inachemka, maji yanapungua haraka, na wewe ukifungua vifuniko unaona, unajaza, unakwenda kutengeneza kiregulata, kile kinachozuia chaji isizidi, maisha yanaendelea. Betri kavu ikichemshwa hivyohivyo hewa inatoka kwenye kijitundu cha usalama, maji yanaisha ndani na huna pa kujazia. Watu wengi wanaosema betri kavu ni feki, imekufa mapema, nina uhakika nusu yao altaneta hazijawahi kupimwa. Na kinyume chake kipo pia, magari ya zamani yanayochaji 13.5 au 13.6 tu, hizi kavu za kalsiamu zinapenda volti ya juu kidogo, 14.2 mpaka 14.7 hivi, ukiipa 13.5 kila siku haishibi hata siku moja na ile chumvi ya risasi, wenyewe wanaita salfa, inaganda kwenye sahani. Kwahiyo kabla ya kutoa hela, pima. Mita ya kawaida ya fundi inatosha, dakika tano kazi imeisha.

Tukarudi dukani kwenye kuchagua. Niseme tu kwamba hizi zinazoitwa kavu madukani ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanachanganya makusudi au kwa kutojua. Nyingi, zile za bei ya kawaida, ndani zina asidi ya majimaji vilevile, ila risasi ya zile nyavu za sahani imechanganywa na kalsiamu badala ya antimoni, kwahiyo wakati wa kuchaji inatoa hewa kidogo sana, maji yaliyowekwa kiwandani yanatosha mpaka betri inazeeka, wakafunga mfuniko moja kwa moja. Aina ya pili ni AGM, hii asidi imenyonywa kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo katikati ya sahani, hata ukiipasua haimwagiki, bei yake ni mara mbili au zaidi. AGM ni kwa gari zinazojizima zenyewe kwenye taa, BMW na Mercedes za juzijuzi zenye betri kwenye buti, mambo hayo. Kwa Spacio kuweka AGM pale mbele kwenye joto la injini ni kuchoma hela, joto haipendi. Mimi nikataka ile ya kwanza, ya kalsiamu.

Bei ya siku ile pale dukani NS60 ya maji ilikuwa laki na ishirini kasoro kidogo, kavu laki na themanini, wakanishushia mpaka laki na sabini. Tofauti ya elfu hamsini hivi. Mtu atasema hiyo ni hela nyingi, sawa, ila piga hesabu ya maji ya betri, ya fundi kusugua vichwa, ya siku umekwama Mbezi saa mbili usiku unatafuta mtu wa kukubusti, imesharudi.

Sasa kuna kusoma namba juu ya betri, wengi hatusomi tunasema tu nipe NS60. Kwenye betri za Kijapani na Kikorea utakuta imeandikwa kwa mfano 46B24L. Ile 46 ni daraja la nguvu, ikiwa kubwa ndo nguvu zaidi, ndo maana kuna 55B24L, umbo lilelile ila inapiga zaidi. B ni saizi ya upana na kimo. 24 ni urefu kwa sentimita. L au R inaonyesha chanya na hasi zimekaa upande gani, ukichukua ya R wakati gari lako la L waya hazifiki, na wapo mafundi wanaozivuta mpaka zifike au wanaigeuza betri kinyumenyume, usikubali, siku zikigusana vibaya ile fyuzi kubwa inaondoka na daiodi za altaneta zinaifata. Alafu kuna herufi S mwishoni, LS, hiyo maana yake vichwa vinene.

Na hiyo S ndo ilileta mtafaruku. Kijana wa stoo akaleta betri, tunataka kufunga, klempu za gari langu ni za vichwa vyembamba na betri ni ya vinene. Kijana hana wasiwasi, kachukua bisibisi anataka kuipanua klempu kwa nguvu. Mzee akamfokea. Ikarudishwa stoo ikaja nyingine, L tupu bila S, vichwa vyembamba, lakini hiyo ina vumbi na mzee alivyoipima ikasoma 12.3. Mimi nikaikataa. Betri mpya ya dukani ikiwa chini ya 12.4 imekaa sana kwenye shelfu, ilikuwa inajila yenyewe, chaji inaisha taratibu bila kutumika, na ile salfa imeshaanza kugandia, hata wakikwambia ngoja tuichaji kidogo bosi, waambie wachajie mteja mwingine. Dada wa kaunta alikunja sura kidogo hapo, akasema kaka betri zote zimekuja kontena moja. Ya tatu ikasoma 12.6 na ile mihuri ya tarehe ya kiwandani kwenye mfuniko ilikuwa ya karibuni. Kila kampuni ina mtindo wake wa kugonga tarehe, wengine namba tupu wengine herufi na namba, mwambie muuzaji akusomee na akuonyeshe kwenye kadi ya waranti inavyofanana, akishindwa kuisoma angalia volti.

Kufunga ni kazi ya spana namba kumi na dakika chache. Hasi inatoka kwanza, inarudi mwisho, hii sio mila ni kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi, ukianza na chanya spana ikigusa bodi utaona fataki. Kijana alifanya vizuri hapo. Alipoharibu ni kwamba hakuuliza kuhusu redio. Mimi redio yangu ni ya Android ikafuta stesheni tu na saa ikarudi mwaka sijui gani, na sailensa, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikawa juujuu kidogo jioni ile ikatulia yenyewe. Lakini nyie wenye redio orijino za Kijapani, zile zilizokuja na gari, baadhi ukitoa betri tu zinajifunga, zinaomba kadi ya ramani ambayo ilishabaki Japani, au zinaomba namba za siri za kufungulia, zile wanaita za ERC, na hapo inabidi utafute vijana wa kufungua redio uwalipe. Duka la betri lenye akili linatakiwa liulize kabla na liwe na kale kabetri kadogo ka kushikilia umeme wakati wanabadilisha. Hawa hawana. Nimewaambia, wamesema sawa, sidhani kama watanunua.

La pili, kile kibati na msumari wa nati wa kuishikilia betri isicheze. Wangu ulikuwa umeliwa na asidi, umebaki kama uzi. Kijana akasema haina shida bosi, betri nzito haiendi popote. Inaenda! Barabara zetu za ndani unazijua, Goba huko, Kinyerezi, matuta na mashimo, betri inayorukaruka sahani zinachanika ndani na risasi inadondoka chini inagusanisha seli, umekufa. Na waranti nayo hawatakupa. Nikakataa kuondoka mpaka ufungwe mwingine, hawakuwa nao, ikabidi kijana atumwe duka la jirani na nikaulipia mwenyewe elfu chache. Kwa duka linalouza betri kutwa kukosa kile kidude ni uzembe.

Waranti ni miezi 12, kadi wanakupa. Ila isome. Imeandikwa haihusu gari za biashara, teksi, za mtandaoni, na haihusu betri iliyochajiwa vibaya au iliyofunguliwa, na kadi isiyo na mhuri na namba ya gari haina thamani. Ya kwangu ilitoka haina mhuri, nikairudisha dada akagonga akaandika namba bila kinyongo. Risiti ya EFD ukidai unapewa, usipodai unapewa kikaratasi.

Alafu betri ya zamani. Hapa ndo nilikasirika. Nimegeuka kulipa kijana ameshaitia chini ya meza, kimya. Risasi ya betri mbovu ni mali, wenye vyuma chakavu wanainunua kwa kilo, na NS60 ina kilo zaidi ya kumi. Nikauliza mbona hamjanitolea kwenye bei, dada akasema kaka hiyo tumeshakupunguzia mwanzoni. Hapana, mwanzoni tulikuwa tunapatana bei ya betri mpya, hakuna aliyetaja mbovu. Tukavutana, mzee akaingilia, wakanikata elfu kumi na tano tena. Kwahiyo ukienda, sema mapema kabisa mbovu ninaiacha kwa shilingi ngapi, kabla hujatoa simu yako ya kulipia.

Mtu atauliza kwanini usiichukue tu ukaiuze mwenyewe mtaani. Naogopa inapoishia. Betri hizi zinavunjwa ili itolewe risasi, na risasi ikiyeyushwa hovyo karibu na watu ni sumu, hasa kwa watoto, inagusa ubongo. Mombasa kuna kijiji kinaitwa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ukutani kwao, watu wakaugua, mama mmoja Phyllis Omido ambaye alikuwa anafanya kazi humohumo na mwanae akakutwa na risasi kwenye damu akaanzisha mapambano, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman na 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sasa ukimuuzia yule wa mkokoteni anamwaga asidi mtaroni hapo hapo mbele yako ili kilo zisimzidie kubeba. Bora ibaki dukani ambapo inakusanywa ikiwa nzima, japo nako sijui wote wanaipeleka wapi, angalau asidi haimwagwi kwenye mtaro wa kwenu.

Haya, betri yenyewe inafanyaje kazi. Imeshapita kipindi cha joto na masika yake. Asubuhi stata inazunguka ile ya mara moja, krrr limewaka. Vichwa visafi mpaka leo, hamna unga, kibati cha chini hakilowi tena. Nikipima asubuhi kabla ya kuwasha inasoma 12.5 kwenda juu. Kuna kipindi nilipanda treni ya SGR nikaenda Dodoma kikazi nikakaa wiki kadhaa gari limepaki tu nyumbani na lina alamu na kile kifaa cha kufatilia gari, vyote vinanyonya umeme usiku na mchana, nimerudi likawaka mara ya kwanza. Ile ya maji ingekuwa imeshalala, maana zile za antimoni zinajila zenyewe haraka kuliko hizi. Ila hapa pia nilishamwambia mzee apime gari likizimwa linanyonya kiasi gani, lilikuwa chini ya miliampea 50, hiyo ni kawaida. Kama gari lako linanyonya nusu ampea kwa sababu ya redio iliyoungwa vibaya, hata uweke betri ya meli italala tu.

Nisichokipenda ni kwamba huoni ndani. Ile ya maji nilikuwa naweza kupima kila tundu kwa kile kipimo cha kioo cha kunyonya asidi, ikisoma 1.26 hivi imejaa, tundu moja likisoma chini sana kuliko wenzake najua seli hiyo inakufa, najiandaa. Hii wamekuwekea kijicho juu, kijani nzuri, cheusi ichajiwe, cheupe au njano maji yameisha tupa. Wauzaji wanakisifia sana kile kijicho, lakini kinaangalia seli moja tu kati ya sita, ni sawa na kumwita jina mtoto mmoja alafu useme darasa zima limekuja. Mimi sikitegemei, nilinunua mita ya elfu kumi na tano Kariakoo hapohapo, napima volti. Na hizi zikifa mara nyingi hazikupi taarifa ndefu, leo inapiga freshi kesho kimya.

Kingine, ikilala kabisa usiipeleke kwa wale wa kuchaji wenye mashine kubwa wanaokuambia nusu saa tu bosi inajaa. NS60 ni ya 45Ah, chaji nzuri ni ampea 4 au 5, taratibu, usiku kucha. Wao wanaipiga ampea 20 na zaidi, ya maji inachemka unaona mapovu unajaza maji basi, kavu inavimba ubavu. Altaneta nayo sio chaja, ukishabustiwa usidhani kuzunguka kutoka Sinza mpaka Posta na foleni ile kutaijaza, kwenye sailensa inatoa umeme mdogo na AC inaula wote.

Nani asiweke kavu? Jirani yangu ana Land Cruiser ya zamani, ile ya kiregulata cha nje, ikiwa barabarani inasoma 15 na kitu, huyo abaki na maji yake, akitaka kavu atengeneze kwanza umeme wa gari. Wenye daladala na malori, kama kila asubuhi kuna mtu anakagua oili na maji ya rejeta, huyohuyo anakagua na betri, ya maji ni nafuu na inavumilia mateso. Na wenye kuchukua betri ya gari wakaunga sola nyumbani, iwe ya maji iwe kavu, haijatengenezwa kwa kunyonywa usiku kucha mpaka chini, itawafia tu, zipo za sola zenye sahani nene.

Wenye Prius na Aqua nyie ni tofauti kabisa. Ile betri yenu ndogo ya volti 12 imekaa huko nyuma ndani ya gari mnamokaa, na ina kijipira cha kutolea hewa nje. Humo inaingia AGM yenye tundu la kijipira, sio kavu yoyote na wala kabisa sio ya maji, ile hewa ya haidrojeni inalipuka. Nimeuliza pale dukani wanayo, dada akanitolea kavu ya kawaida akasema inaingia. Kuingia inaingia. Msikubali.

Kwahiyo betri nampa nne na nusu kwa tano, duka tatu, na hizo tatu karibu zote ni za yule mzee na mita yake. Nilivyopita tena kumpeleka shemeji yangu, mzee hakuwepo, wakataka kumuuzia bila hata kupima chochote, tukamsubiri. Jumamosi anakuja asubuhi anaondoka mchana, siku za kazi yupo mpaka jioni. Parking ya pale ni shida, paki mbali kidogo umfate kwa mguu, atakuja na mita mfukoni.